Ndoo, barafu, pipa au rejeta: kupoza kompresa ndogo ya bari 300 hapa Goma

Ukinunua kompresa ndogo ya bari 300, yaani mashine ya kubana hewa hadi mgandamizo wa kama mara 300 ya hewa ya pwani, ndani ya sanduku utakuta mashine, chupa ya mafuta, pete za mpira za akiba, na kipampu cha plastiki kisichozidi ngumi ya mtoto, pamoja na mipira miwili ya kupitishia maji. Kitabu chake kinasema: zamisha kipampu kwenye ndoo ya maji, washa. Ndoo iwe ya lita ngapi, maji yatoke wapi, na yakishapata moto ufanyeje, hapo kitabu kimenyamaza.

Mashine ya aina hii ninaitumia Goma mwaka wa tatu sasa. Kazi yake ni kujaza mitungi ya lita 12 ya kunyanyulia injini za mitumbwi zilizozama ziwani: mpiga mbizi anafunga mfuko kwenye injini, mfuko unajazwa hewa ya mtungi, injini inapanda juu. Mtungi wake wa kupumua haupiti kwangu, na nitaeleza kwa nini. Katika miaka hiyo nimejaribu karibu kila namna ya kuipoza, nimeunguza gasketi mbili (zile za kuziba kati ya chuma na chuma), na nimejua kwamba swali tulilolizoea, "maji ni baridi kiasi gani?", silo. Swali ni maji ni mengi kiasi gani, na je, yanapita?

Moto unatoka wapi

Hewa ikibanwa inapata moto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua ni sehemu gani hutaki kuishika. Sasa mashine yetu ina pistoni mbili tu, kubwa na ndogo, na ili kufika bari 300 kila moja inapaswa kuzidisha mgandamizo kama mara 17. Hewa ya nyuzi 20 ikibanwa mara 17 pasipo joto kupata pa kutokea, hesabu inatoa zaidi ya nyuzi 380. Kwa kweli haifiki huko, maana chuma kinanyonya sehemu kubwa ya joto hilo. Lakini chuma nacho lazima kilipeleke mahali, ndiyo maana kichwa cha silinda kimetobolewa njia za maji.

Joto likikosa pa kwenda, mafuta yanaungua na kuacha masizi kwenye valvu. Valvu yenye masizi haifungi sawasawa, hewa inarudi nyuma na kubanwa mara ya pili, moto unazidi. Pete za plastiki za pistoni ndogo zinalainika. Na hewa inayotoka ikiwa ya moto, inabeba maji mengi mtungini: hewa iliyoshiba ya nyuzi 50 inabeba mvuke kama mara tano ya hewa ya nyuzi 20. Unyevu huo ndio unaotia mtungi wa chuma kutu kwa ndani, usione kitu.

Goma ina lake la kuongeza. Tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mgandamizo wa kama bari 0.85, wakati pwani ni bari 1. Kwa hiyo kila pistoni inapovuta, inapata hewa pungufu kwa kama asilimia 15. Mashine iliyoandikwa lita 40 kwa dakika, hapa inatoa kama 34. Mtungi wa lita 12 ukiwa mtupu, kuufikisha bari 200 unahitaji lita 2,400 za hewa: pwani ni saa nzima, hapa ni saa na dakika kumi. Safari kutoka 0.85 hadi 300 nayo ni ndefu kuliko kutoka 1, kwa hiyo kila pistoni inabana kidogo zaidi. Na feni ikipuliza, inapuliza hewa hiyo hiyo nyepesi. Mtu akikuambia "mimi naijaza moja kwa moja bila kupumzika, haina shida", muulize kwanza yuko mji gani.

Ndoo ya lita 20

Hapa ndipo kila mtu anaanzia. Hakuna gharama, inabebeka, na kwa kazi fupi inatosha kabisa.

Tufanye hesabu, maana ndiyo itakayoamua yote yanayofuata. Mota ya mashine hizi ni kama kilowati 1.8, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inageuka joto. Tuseme kilowati 1 inaingia kwenye maji. Lita 20 kwa kilowati 1 zinapanda nyuzi 1 kila baada ya sekunde 84. Ukianza na maji ya nyuzi 22, baada ya robo saa yako kwenye 33, na baada ya dakika 40 yamepita 50. Nilipopima kwa kipimajoto cha jikoni nilipata pungufu kidogo, nyuzi 31 kwenye robo saa, kwa kuwa ndoo nayo inatoa joto pembeni. Hesabu ilikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyotarajia.

Kwa hiyo ndoo ni ya kazi ya robo saa, dakika 20 ukijikaza: kuongeza mtungi uliobaki na bari 150, au kujaza kichupa kidogo. Kwa mtungi mzima wa lita 12 utabadilisha maji mara mbili au tatu katikati ya kazi, na hapo ndipo watu huchoka wakaacha kubadilisha.

Barafu

Barafu ina sifa kubwa kuliko kazi yake. Kilo 2 za barafu zikiyeyuka zote zinameza joto la kilowati 1 kwa dakika kama 11, basi. Lita 16 za maji ya kawaida zikipanda nyuzi 10 zinameza kiasi kile kile. Kwa maneno mengine, bidoni moja ya manjano ya nyongeza inashinda mfuko wa barafu, na bidoni haidai friji wala umeme wa usiku kucha.

Kuna na ubaya wake. Maji ya karibu na nyuzi 0 yakizunguka kwenye kichwa cha silinda, unyevu wa hewa unageuka maji humo humo ndani, unakutana na mafuta. Ukifungua kifuniko ukaona mafuta yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, ama gasketi inavuja ama umepoza kupita kiasi. Mimi niliona rangi hiyo mara moja, mwezi ule ule niliokuwa na mapenzi na chupa za soda zilizogandishwa. Niliacha chupa, nikabadilisha mafuta, rangi haikurudi.

Nafasi yake ipo: umebakiza bari 30 mtungi ujae, maji yamefika nyuzi 45, na hakuna maji mengine karibu. Tia chupa moja iliyoganda, malizia. Isiwe ndiyo mpango.

Pipa

Hesabu ile ile, lita 100: kilowati 1 kwa saa nzima inapandisha maji nyuzi 8 au 9 tu. Ukianza na 22 unamaliza na 31, yaani pale ndoo ilipofika kwa robo saa. Mtungi mzima umekaribia kujaa na hujabadilisha maji. Usiku wa Goma unalipoza pipa bure. Asubuhi maji yamerudi kwenye 20 au 21.

Nina pipa la plastiki la lita 120 lililoletwa na tshukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kusukuma, bidoni sita kwa safari moja. Lipo juu ya matofali, usawa wa mashine au zaidi kidogo, kwa sababu vipampu hivi havina nguvu ya kusukuma maji juu. Ukilitandika pipa chini na mashine juu ya meza, maji yatapita kwa kujikokota. Mpira wa kurudisha maji nimeuacha nje ya maji, unamwagika kwa juu ninapouona. Usiuzamishe. Sababu naifikia hivi punde.

Ubaya wa pipa ni mmoja: halihami. Ukiitwa Sake au ng'ambo ya ziwa na mashine, pipa linabaki nyumbani.

Siku ndoo ilipobaki baridi

Hii ilikuwa kabla ya pipa. Kijana anayenisaidia alikuwa na kazi moja, kuchovya kidole kwenye ndoo kila baada ya dakika tano na kunipa habari. Dakika ya tano: "Mukubwa, maji iko baridi." Ya kumi: "Iko baridi kabisa!" Alifurahi, na mimi nilifurahi. Dakika ya kumi na mbili nikasikia harufu kama ya sufuria iliyoachwa jikoni bila maji.

Kipampu kilikuwa kimevuta mchanga mweusi, ule laini wa lava unaoingia kila mahali katika mji huu, chini ya mlango na ndani ya sukari. Kilikuwa kinalia, hakisukumi. Maji ya ndoo yalikuwa baridi kwa sababu hayakuwa yamekwenda popote. Kichwa cha silinda nilikimwagia tone la maji, likaruka. Gasketi ya kwanza ilikwenda hivyo.

Tangu siku hiyo hatupimi ndoo, tunapima vitu viwili. Cha kwanza ni kichwa cha silinda chenyewe, kwa kipimajoto cha mashine. Changu nimekipanga kizime mota kwenye nyuzi 70, ingawa kiwandani kilipangwa juu zaidi. Cha pili ni maji yanayorudi: yanamwagika kwa nguvu ile ile ya mwanzo? Ni ya vuguvugu? Maji yanayorudi yakiwa baridi sawa na ya pipani wakati mashine iko bari 250, kuna kitu kimeziba. Kipampu nacho kimevalishwa soksi kuukuu, na kinaning'inia nusu ya pipa, hakigusi chini ambako mchanga unatua.

Rejeta na feni

Kwa anayehamahama, hii ndiyo njia. Rejeta ndogo iliyotumika, ya pikipiki au ile ya hita ya ndani ya gari, feni ya volti 12, chombo cha lita 3 au 4 na kipampu kile kile. Yangu nilikusanya vipande mtaa wa Birere kwa mchana mmoja. Vyote vinaingia kwenye kreti moja ya soda.

Rejeta haiwezi kupoza maji kuwa baridi kuliko hewa inayoizunguka. Hewa ya Goma mchana ikiwa nyuzi 24, maji yangu yanasimama kwenye 37 au 38 na hayapandi tena, hata ukikaa saa nzima. Ndoo inaanza vizuri na kuishia vibaya. Rejeta inaanza ilivyo na kubaki hivyo. Kwa kujaza mitungi miwili mfululizo, ningechukua rejeta mbele ya ndoo bila kufikiri. Mbele ya pipa, hapana: pipa linamaliza saa ya kwanza likiwa bado chini ya rejeta, na halina feni ya kuharibika.

Bukavu mambo ni kama hapa, ziwa moja, kimo kinakaribiana. Lubumbashi ni hesabu nyingine. Kimo ni kama mita 1,200, hivyo hewa inapatikana zaidi, lakini Oktoba kabla ya mvua mchana unapita nyuzi 30, na rejeta itasimama karibu na 45. Huko ningeweka pipa kivulini na kujaza alfajiri. Juni na Julai, usiku wa baridi kavu wa Katanga, rejeta itafanya kazi vizuri kuliko hapa.

Ndani ya rejeta usitie maji matupu. Tia maji ya rejeta ya dukani, yale ya rangi ya kijani au nyekundu, theluthi moja kwa theluthi mbili za maji safi. Si kwa ajili ya barafu, Goma hatugandi. Ni kwa dawa ya kuzuia kutu iliyomo, kwa kuwa umeunganisha alumini na shaba kwenye maji mamoja. Yana ladha tamu na ni sumu kali. Kuku, mbwa na watoto wasiyafikie.

Maji gani

Kwenye ndoo na pipa unachagua kati ya maji ya ziwa, ya mvua, ya bomba na ya kununua. Maji ya ziwa letu la Kivu yana madini mengi na ni ya upande wa magadi; yakizunguka kwenye chuma cha moto yanaacha ukoko mweupe, na njia za maji za kichwa cha silinda ni nyembamba kama penseli. Nimefungua kichwa cha mwenzangu aliyetumia maji ya ziwa mwaka mzima, tukautoa ukoko kwa siki na waya wa spoku.

Kwingine wangekwambia kinga mvua. Hapa mvua inaweza kupita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo kabla ya kufika kwenye bati lako, na inashuka na uchachu unaokula alumini. Kwa pipa linalobadilishwa maji mara moja kwa mwezi natumia ya bomba yaliyochemshwa na kuachwa yatue. Kwa rejeta, inayokaa na maji yale yale miezi sita, nanunua maji ya betri. Lakini angalia kopo: madukani watu huita "maji ya betri" maji safi yasiyo na madini na pia asidi yenyewe, na muuzaji hatakuuliza unayapeleka wapi.

Zilizobaki

Kuunganisha bomba la mtaa, maji yaingie upande huu na kumwagika upande ule, kunapoza kuliko yote. Katika mji ambao mtu anabeba bidoni kichwani, sitaki jirani anione nikimwaga maji saa nzima.

Kompresa isiyo na maji kabisa, ile ya feni tupu na mafuta kidogo au bila mafuta, ni nyepesi na haina mpira wa kuvuja. Ni ya vichupa vya nusu lita. Ukiipa mtungi wa lita 12 kwenye hewa yetu nyepesi, itajaza kwa vipande vya dakika kumi na mapumziko marefu kuliko kazi.

Hiyo usiichanganye na mashine za wapiga mbizi za pistoni tatu. Nazo zinapozwa kwa feni, lakini kugawa kazi kwa tatu kunashusha kila pistoni hadi kuzidisha mara 7 badala ya 17, na kati ya pistoni moja na nyingine hewa inapita kwenye bomba refu lenye mapezi. Ni nzito, ni ghali, na ukitaka hewa ya kupumua ndizo za kununua, pamoja na chujio lake la mkaa na la kukausha. Mashine yangu mafuta yake yakipata moto sana yanaweza kutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu. Ndiyo maana mtungi wa mpiga mbizi haupiti kwangu.

Kivuli, na mahali pasipofaa kuweka mashine

Kabla ya kununua chochote, hamisha mashine kivulini na iwe na hewa inayopita. Hicho tu kilinipa nafuu ya nyuzi kadhaa kwenye kichwa cha silinda. Lakini hapa kwetu kuna ubaridi wa kuogopa. Sehemu yenye ubaridi kuliko zote uani mara nyingi ni shimo, korongo la lava au chumba cha chini karibu na ziwa, na hapo ndipo mazuku yanapolala. Kaboni dioksidi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inajaa mabondeni kama maji, hasa usiku na asubuhi kukiwa hakuna upepo. Watu wa upande wa Bulengo hawahitaji kuelezwa. Ukiweka kompresa humo, wewe unayeinama kuisoma geji ndiye wa kwanza kuivuta. Weka juu, palipo wazi, hata kama ni joto kidogo.

Mapumziko

Hakuna njia kati ya hizi inayofuta mapumziko. Hata na pipa, kila dakika 20 nazima mota kwa dakika 10, na kipampu kinaendelea kuzungusha maji. Watu wengi huzima vyote pamoja, na hilo ni kosa: joto lililo ndani ya chuma linaendelea kupanda dakika mbili tatu baada ya mota kusimama. Kila dakika 5 hadi 10 za kazi nafungua valvu ya kumwaga maji kwa sekunde mbili. Kinachotoka ni ukungu mweupe wenye harufu ya mafuta. Umeme ukikatika ghafla, fungua valvu hiyo utoe presha, na kama kipampu kimekufa pamoja na mota, mimina maji kwa kikombe kupitia mpira wa kuingiza hadi kichwa kipoe. Usiyamwage juu ya chuma cha moto kwa nje.

Mtungi wenyewe sijisumbui kuuzamisha kwenye maji. Hizi mashine zinajaza polepole mno kuupa moto wa kutisha. Ukimaliza kwenye 200 ukaukuta 190 asubuhi, ni joto limetoka, si lazima uwe umevuja.

Uchague nini

Una kazi mahali pamoja, mitungi miwili mitatu kwa siku: pipa, lita 100 kwenda juu. Unasafiri na mashine: rejeta, na bidoni moja ya akiba. Unajaza kidogo mara moja kwa wiki: ndoo uliyonayo inatosha, tia fedha kwenye mafuta mazuri ya kompresa na kipampu cha akiba. Barafu, inywe na soda.

Na ukichagua pipa, litafutie kifuniko. Kwanza kwa ajili ya majivu na mbu. Langu lina kufuli pia, tangu asubuhi niliyokuta nusu ya maji haipo na nguo za nyumba nzima ya jirani zinameremeta kwenye kamba.